Acheni Kusema "Ni Umri Tu"

Nimerudi Dar juzi usiku kutoka Mpale, vumbi hadi masikioni na hasira hadi kooni. Habari niliyotumwa na mhariri nimeshaikabidhi, maneno 400, imetoka ukurasa wa ndani chini ya tangazo la saruji. Hii hapa ni ile ambayo haikutoka. Kama umekuja leo kutafuta mambo ya muziki au ya bungeni, nisamehe, wiki ijayo tutaongea.

Kwa wale wasioijua Mpale (na wengi wenu hamuijui, msione haya), ni kata ya wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, huko juu kwenye milima ya Usambara. Unaacha mashamba ya mkonge kule chini, unapanda na bodaboda mpaka masikio yanaziba, unakuta migomba, mahindi, ukungu na watu wanaokusalimia hata kama hawakujui. Nilikuwa na saa mbili za bure kabla ya usafiri wa kurudi, nikaamua kumtafuta jamaa mmoja niliyesoma naye.

Jina lake silitaji. Tulikuwa pamoja kidato cha pili, mwaka 2014, shule ya bweni ambayo nayo siitaji na haiko Mpale. Jamaa alikuwa kiboko wa hesabu. Sisi wengine tulikuwa tunanakili, yeye ndiye aliyekuwa anakokotoa. Kuanzia katikati ya mwaka akaanza kubadilika. Kwanza usingizi ukapotea. Unaamka usiku kwenda msalani, unamkuta amekaa kitandani macho makavu. Halafu akaacha kuoga, akaacha kuja mpirani. Baadaye akaanza kucheka peke yake darasani, na siku moja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mwalimu anaongea naye hata akiwa hayupo.

Unajua tulifanya nini? Tulicheka. Tukampa jina la utani. Walimu walimchapa kwa kusinzia darasani, wakamchapa kwa uchafu, kisha wakamchapa kwa "kiburi", maana akiulizwa swali alikuwa anajibu mambo mengine kabisa. Mwisho wa mwaka akarudishwa nyumbani na barua ya utovu wa nidhamu. Nilikuwa na miaka 15. Na mimi ni mmoja wa waliocheka, kwa hiyo hasira ya makala hii nusu yake ni ya kwangu mwenyewe.

Nilipofika kwao nilimkuta mama yake anachambua maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu," akanitazama kidogo kisha akanikumbuka. Akaniletea kigoda. Nilipomuuliza ilikuwaje baada ya shule, hakuzunguka. Alisema: "Mwalimu alisema kiburi. Shehe akasema jini. Mganga akasema mkono wa mtu, akamtaja na jirani yangu. Majirani wakasema bangi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia mwanao anaumwa."

Iliwachukua miaka mitatu. Miaka mitatu ya kufungiwa chumbani, ya mbuzi kuuzwa mmoja mmoja kulipia tiba zisizotibu, ya kugombana na jirani asiye na hatia. Mwisho kijana akafikishwa Lutindi, akapewa dawa, akaanza kupata nafuu. Na hapa ndipo nilipopandwa na hasira. Hospitali ya Lutindi iko wapi? Iko Korogwe. Wilaya ile ile!

Tena Lutindi si zahanati ya juzi. Wamisionari wa Kijerumani walianza pale mwaka 1896 na kituo cha watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na leo inatajwa kuwa miongoni mwa hospitali kongwe kabisa za magonjwa ya akili Afrika Mashariki, chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wagonjwa wanapata dawa, wanafanya kazi za mikono, wanachuma chai. Zaidi ya miaka 100 hospitali imekaa kwenye milima hiyo hiyo, na bado mtoto wa milima hiyo anapitia kwa mwalimu, shehe, mganga na kufuli la chumba kabla ya kuifikia. Kilichomzuia si umbali. Kilichomzuia ni sisi na maneno yetu.

Maneno gani? Mawili tu. La kwanza ni "nidhamu". La pili ni "umri tu".

Tuanze na sayansi kidogo, halafu nitayarudia maneno haya.

Ubongo wa binadamu unakaribia ukubwa wake wa utu uzima kabla hata ya kubalehe, ndiyo maana zamani watu walidhani kazi imeisha utotoni. Haikuwa imeisha. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake, kwenye taasisi ya afya ya akili ya Marekani, walichapisha matokeo ya kupiga picha bongo za watoto wale wale kwa miaka kadhaa. Waligundua kwamba sehemu ya mbele, hii iliyo nyuma ya paji la uso, inaongezeka unene mpaka kwenye miaka 11 au 12, kisha inaanza kupungua. Kupungua huko si uharibifu. Ni kama mkulima anayepunguzia miche shambani ili iliyobaki istawi. Viunganishi kati ya seli za ubongo vinavyotumika vinaimarishwa, visivyotumika vinakatwa. Wakati huo huo nyuzi zinazosafirisha ujumbe zinavikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, na ujumbe unakwenda kasi zaidi.

Sasa sikiliza. Kazi hii haiendi kwa mwendo mmoja kila mahali. Sehemu za ndani zinazoshughulika na hofu, hamu na raha zinachangamka mapema, mara balehe inapoingia. Sehemu ya mbele, ambayo kazi yake ni kusema "ngoja kwanza", inachelewa na kuendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 si mtoto, na si mtu mzima mwenye kiburi pia. Ni lori lenye injini mpya na breki ambazo fundi bado anazifunga.

Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza peke yao walikuwa na tahadhari ya kutosha. Walipowekwa marafiki wawatazame, kujihatarisha kwao kukawa karibu mara mbili. Watu wazima hawakubadilika. Soma hapo tena, halafu kumbuka bweni lako.

Na usingizi je? Katika balehe saa ya mwili inasogea mbele, hata kwa saa mbili. Kijana hasinzii mapema hata akitaka, na anahitaji saa nane hadi kumi za kulala. Sisi tunamwamsha saa kumi alfajiri kwenda kufagia, kisha tunamchapa saa nne asubuhi kwa kusinzia. Halafu tunashangaa kwa nini ana hasira.

Ukarabati huu mkubwa wa ubongo ndio unaoeleza kwa nini magonjwa mengi ya akili yanapiga hodi katika umri huu. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 192 zenye watu zaidi ya laki saba. Karibu theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Umri unaoongoza kwa mwanzo wa matatizo ni miaka 14 na nusu. Yaani kidato cha kwanza au cha pili! Kuhusu skizofrenia, mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aina fulani za jeni iitwayo C4 zinaongeza hatari ya ugonjwa, na jeni hiyo inahusika na ule ukataji wa viunganishi niliousema. Inaelekea kwa baadhi ya watu mkulima anapunguza miche kupita kiasi. Jini hayumo. Jirani hayumo.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa la wanafunzi 49. Hao ni saba. Wako wapi? Wamekaa nyuma, wanaitwa wavivu.

Haya, turudi kwenye neno la kwanza, nidhamu.

Kanuni za adhabu ya viboko Tanzania, za mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkaimisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Wewe uliyesoma shule za nchi hii, uliwahi kukiona hicho kitabu? Mimi sijawahi. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Agosti 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni. Oktoba 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa viboko wanafunzi 14 wa Sekondari ya Kiwanja, Chunya, kamera zikiwaka, baada ya mabweni kuungua. Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, akampongeza hadharani. Mkuu wa mkoa si mkuu wa shule, kanuni haimtambui, lakini nchi ilipiga makofi.

Kuchoma bweni ni kosa, tena kubwa. Kenya mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa ndani ya miezi michache. Lakini hakuna aliyeuliza swali la mtafiti: vijana hawa, mmoja mmoja, wangefanya hivyo? Au walifanya kwa sababu walikuwa kundi, usiku, wakitazamana, bila usingizi na bila mtu mzima wa kumwambia shida? Kiboko hakijibu swali hilo. Hofu ya kila siku inaufundisha ubongo unaojengwa kukaa macho ukisubiri hatari, na ubongo unaosubiri hatari hausomi jiografia. Ukimchapa mtoto ambaye tayari anasikia sauti, unampa sauti nyingine ya kuogopa.

Neno la pili ni baya zaidi kwa sababu linasemwa na watu wapole. "Ni umri tu, atakua." Hili ni la kwetu sisi wasomi. Tumesikia habari za homoni, tukaona tumeelewa. Binti hali, analia, haongei na mtu miezi miwili, tunasema balehe. Kijana anasema hataki kuishi, tunasema anatafuta kuonewa huruma. Tumechukua ukweli mmoja, kwamba umri huu una misukosuko, tukaufanya blanketi la kufunikia wagonjwa. Misukosuko ya kawaida inakuja na kuondoka. Inayokaa wiki baada ya wiki, inayovunja usingizi, chakula, masomo na urafiki kwa pamoja, hiyo si umri. Mvua za masika zikija hatusemi kila paa linalovuja ni hali ya hewa tu.

Najua mtakalosema, maana nimeshalisikia kwenye daladala na chumba cha habari.

Mtasema: sisi tulichapwa na tukakua vizuri. Wewe umekua vizuri, sawa. Jamaa yangu wa Mpale hakupewa nafasi ya kuja kutoa ushuhuda wake hapa. Walionusurika ndio wanaosimulia siku zote, na ndiyo maana simulizi inakuwa tamu.

Mtasema: haya ni mambo ya Wazungu. Kweli, tafiti nyingi za picha za ubongo zimefanyika Marekani na Ulaya, na ningependa nyingi zaidi zifanyike Muhimbili na Bugando. Lakini balehe haikuletwa na meli. Wazee wetu waliijua kabla ya mashine yoyote, ndiyo maana Wazigua, Wasambaa na wengine walikuwa na jando na unyago. Walimtenga kijana kwa muda, wakamkabidhi kwa mtu mzima wa kumfunda, hawakumwacha na wenzake tu. Sisemi kila kilichofanyika kule kilikuwa chema. Nasema walijua kuna daraja la kuvuka na mtu wa kumshika mkono. Wasambaa wana msemo wa kisiasa, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na ilikuwa kazi ya mtawala kuhakikisha mvua na chakula vipo. Mtawala wa leo anaponya nini kama watoto wanafungiwa vyumbani?

Mtasema tena: basi unawatetea wahuni, kila mmoja atasema ubongo wangu haujakomaa. Hapana. Breki zinazojengwa zinahitaji kufanyiwa mazoezi, kwa hiyo kijana awajibike, alipe alichoharibu, afuate sheria. Ila awajibishwe na mtu anayetaka ajifunze. Na hiyo namba ya 25 inayozunguka mitandaoni, kwamba siku ya kuzaliwa ubongo unafungwa kama duka, isahauni. Hakuna siku hiyo. Ni mabadiliko ya taratibu yanayotofautiana mtu na mtu. Mimi nina miaka 26 na mama yangu bado ana mashaka.

Sasa tunataka nini? Maana kulalamika peke yake ni kazi rahisi.

Moja, viboko vifutwe shuleni. Kenya walivipiga marufuku mwaka 2001. Bado wana matatizo yao, lakini angalau sheria yao haisimami upande wa fimbo.

Mbili, kila shule iwe na mwalimu wa ushauri nasaha aliyefunzwa kweli, mwenye muda na chumba chenye mlango unaofungwa. Siyo mwalimu wa kemia aliyebandikwa cheo na bado ndiye mshika fimbo. Asifanye udaktari. Ajue dalili, na ajue pa kumpeleka mtoto.

Tatu, zahanati ya kata iwe na uwezo wa kuanza matibabu na kutoa rufaa. Nchi hii ya watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022 haina hata daktari bingwa mmoja wa akili kwa kila watu laki moja. Hatutawangoja wafike Mpale. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, basi iteremke kutoka kwenye kabati mpaka kwenye zahanati, na dawa zisiishe. Kwenye ugonjwa kama wa jamaa yangu, kadiri tiba inavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Nne, sheria iache kumtisha anayekata tamaa. Kanuni yetu ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mzazi gani atampeleka mwanawe hospitali akiogopa polisi? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo ni kinyume cha katiba. Sisi tunangoja nini?

Tano ni ya kwako wewe unayesoma. Una mdogo wako, mpwa, binti wa kazi, mtoto wa jirani. Akibadilika, kabla ya kumpa wosia muulize maswali matatu: unalala? Unakula? Kuna kitu unaona au unasikia sisi hatukisikii? Halafu nyamaza umsikilize. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Na acheni kutumia Mirembe na Lutindi kama matusi. Kila unapomtania mtu kwamba "huyu wa Mirembe", kuna mzazi mahali anaahirisha safari ya hospitali mwezi mwingine.

Jamaa yangu yuko hai. Anameza dawa, anatengeneza redio na simu kwenye kibanda karibu na nyumbani. Alinikumbuka. Tulizungumza habari za mpira, za bei ya vocha, za walimu. Hakutaja jina la utani tulilompa, na mimi nilikosa ujasiri wa kuliomba radhi mpaka nilipokuwa nimeshapanda pikipiki. Nikashuka. Nikasema. Akacheka kidogo, akasema, "Tulikuwa watoto."

Ni kweli, tulikuwa watoto, na bongo zetu zilikuwa bado zinajengwa, zake na zangu. Lakini walimu wetu hawakuwa watoto. Wizara haikuwa mtoto. Na leo mimi na wewe si watoto tena, kwa hiyo mwenye kisingizio cha umri hapa hayupo.